Nilijaribu Kengele, Watu Wakaja na Majembe

Vijana wa karakana, mmenipa blanketi na keki, mkanipiga picha nikiwa nimefumba macho, kisha mkaniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: msome mkiwa mmekaa chini, si juu ya ngazi. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Cheo changu kilikuwa fundi na kimebaki fundi, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaoulalamikia nyinyi.

Kazi yetu ni kutunza majengo ya zamani ya kanisa: vigango, nyumba za mapadri, na yale makanisa yaliyostaafu kabla yangu. Mnayajua. Watu wamejenga jipya kubwa pembeni, la zamani wakawaachia popo. Hayo yaliyostaafu ndiyo yaliyonipa taabu nyingi na vicheko vingi, kwa sababu jengo lililozoea sala halikubali kirahisi kazi nyingine, na watu waliozoea kusali ndani yake ndio hawakubali kabisa.

Siku yangu ya kwanza nilifika karakana na viatu vipya. Mzee Elirehema, aliyekuwa fundi mkuu, aliviangalia viatu kabla ya kuniangalia mimi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu vimekuja kazini au vinakwenda harusini?"

"Vimekuja kazini, Mzee."

"Basi vivue. Paa la kanisa halipandwi na bwana harusi."

Nikashinda peku juu ya dari la kanisa, nikichota mavi ya popo na kuyajaza kwenye ndoo. Niliposhuka jioni viatu vilikuwa vimevaliwa na mlinzi, na vilimkaa vizuri kuliko mimi. Nilivipata tena baada ya mazungumzo marefu, na tangu hapo sikupeleka kazini kitu chochote ambacho mtu mwingine anaweza kukipenda.

Mzee Elirehema alikuwa Mlutheri wa Old Moshi. Maisha yake yote aliyatengeneza makanisa ya Wakatoliki, na mapadri walipomuuliza kwa nini, aliwajibu kwamba anayatunza vizuri ili siku Wakatoliki watakapopata akili, Walutheri wayakute hayavuji. Walimpenda sana. Kila Pasaka alipata mbuzi kutoka parokia tatu tofauti, akala wote bila kujali madhehebu.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari za chokaa, na hapa naomba mnisikilize, maana najua mkitoka tu mtakwenda kununua saruji. Kuta zile nene za mawe zilijengwa kwa chokaa. Chokaa inapumua. Ukipaka saruji juu yake umeuziba ukuta pumzi, na ukuta uliozibwa pumzi hutoka jasho, kisha huvimba, kisha humwaga plasta yote juu ya kwaya, na kwa bahati mbaya huwa ni waimbaji wa sauti ya kwanza, ambao ndio wepesi wa kulalamika. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwalimu wa kwaya aliendelea kuongoza akiwa mweupe kama mzimu.

Kwenye kengele ndipo Mzee alikuwa mkali kuliko kote. Alikuwa akisema kinachoua mnara si mvua, ni kengele. Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba mnara ni mzima, mtu mmoja anashika kamba chini, na fundi anakaa juu amebandika kiganja ukutani. Kengele inagongwa mara moja. Unasikiliza mpaka sauti iishe kabisa, na mtetemo uishe mkononi. Ndipo inagongwa tena. Ukigonga haraka haraka, mtetemo wa pili unauficha wa kwanza, na ufa hauwezi kujieleza. Nimeifuata njia hiyo maisha yangu yote, na bado naipendekeza, ila kwa tahadhari nitakayoieleza.

Nilianza na makanisa mepesi. Kulikuwa na moja dogo huko tambarare, kwenye mashamba ya miwa, walimokuwa wakisali wafanyakazi waliotoka mikoani. Walipopata jipya, la zamani wakaligeuza ukumbi wa kuangalia mpira. Nilikwenda kuziba paa siku ya mechi. Mbele ya kila benchi bado kulikuwa na ule ubao wa kupigia magoti, na hakuna aliyejua kuutumia vingine, kwa hiyo timu yao ilipofungwa ukumbi mzima ulipiga magoti. Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa juu ya paa nachungulia kwenye tundu.

Kiboriloni nako kulikuwa na nyumba ya ibada ya watu fulani waliohama, ikachukuliwa na muuza mitumba. Yeye aliiacha mimbari mahali pake, akawa anapanda juu yake kunadi nguo. Alikuwa na sauti nzuri mno. Siku niliyokwenda kukagua nguzo alitangaza bei ya suruali, mama mmoja nyuma akaitikia "Amina," wote wakaitikia, na suruali ikauzwa kwa bei hiyo hiyo bila kupatana. Mtu anayelijua soko la Kiboriloni na ubishi wake wa bei atajua kwamba huo ni muujiza.

Lakini kazi ninayotaka muikumbuke ni ya kigango kimoja cha migombani, juu ya mji. Nitakiita Kigango cha Juu, kwa sababu wenyewe bado wanaona haya. Walikuwa na kanisa la zamani la mawe, dogo, lenye mnara mfupi na kengele moja. Ng'ambo ya barabara wamejenga jipya lenye bati jekundu na spika nne, na kengele yao siku hizi inatoka kwenye spika. La zamani lilihamishwa vitu vitakatifu, likafungwa kwa kufuli.

Wanawake wa pale walikuwa na kikundi cha maziwa. Mwenyekiti wao, Mama Felista, ni mwanamke mfupi anayetembea siku zote kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amekata kamba. Maziwa waliyapokelea barabarani chini ya turubai, yakipashwa na jua, na mnunuzi wa mjini alikuwa ameshawaambia kwamba wasipopata chumba safi chenye ubaridi kabla ya masika, atakwenda kununua kwa wengine. Chumba kilikuwepo. Kuta za kanisa lile ni nene kiasi kwamba ukiingia mchana wa Januari unatamani sweta. Baba Paroko hakuwa na kinyongo, ila alisema kiwanja kilitolewa na ukoo mmoja kwa ajili ya sala, na sala zikihama, neno linarudi kwa ukoo.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Bibi Anastazia, binti wa mzee aliyetoa kiwanja, anayekaa nyuma tu ya kanisa. Wazee wa kigango walitumwa kwake mara nyingi. Kila mara walishika kofia mikononi, wakaanza kwa kumsifu baba yake, wakamaliza kwa kumsifu baba yake, na katikati wakaomba kanisa. Jibu lake lilikuwa moja: "Nikifa mtafanya mnavyotaka."

Basi pande zote zikakaa kusubiri. Nasema pande zote kwa sababu kulikuwa na upande wa pili, Prosper, mtoto wa kaka yake Bibi, anayeuza vipuri vya magari Dar es Salaam. Yeye alitaka kulibomoa kanisa ili mawe yake yajenge gesti ya kutazamia mlima. Kila Desemba, Wachaga wa Dar wanaporudi nyumbani, alifika na gari jingine, akalizunguka kanisa, akaupiga ukuta teke kidogo kama anakagua tairi, kisha akaenda kumsalimia shangazi na kumuuliza kikohozi chake kinaendeleaje.

Ndipo karakana yetu ikaombwa itoe neno kuhusu mnara. Ukiwa hatari, unashushwa, na kanisa linakwenda nao, na wanawake wamekosa chumba. Ukiwa mzima, angalau matumaini yapo. Nilipanda wiki ya Krismasi. Mama Felista alinipokea na ufunguo, chupa ya chai na maelekezo.

"Fundi, sema ni mzima."

"Mama, nitasema ulivyo."

"Sawa. Ila ulivyo ni mzima."

Nilipanda juu nikawafukuza mijusi, nikapaka grisi kwenye vyuma, nikakagua mbao. Kisha nikabandika kiganja ukutani na kumwambia Mama Felista, aliyeshika kamba chini, agonge mara moja tu halafu aache. Akagonga. Mtetemo ulishuka ukutani taratibu, safi kabisa, kama maji yanavyoshuka kwenye mgomba. Nilifumba macho. Sauti ilipokwisha nikamwambia, "Gonga." Akagonga tena. Mnara ulikuwa mzima kuliko mimi. Nilifurahi sana, nikamwambia aendelee ili nisikilize na upande wa mashariki, ingawa kwa kweli upande wa mashariki haukuhitaji, nilikuwa najifurahisha tu.

Sasa, kila mtu wa mlimani anajua kwamba kengele inayogongwa pigo moja, ikanyamaza, ikagongwa pigo moja, ni kengele ya msiba. Na mimi nilijua. Lakini ukiwa juu ya mnara hufikirii misiba, unafikiria nyufa. Na kila mtu wa Kigango cha Juu alijua kwamba Bibi Anastazia alishasema waziwazi kuwa yeye akifa hataki spika, apigiwe kengele ya zamani. Kengele ile ilikuwa imenyamaza miaka mingi. Leo inalia, polepole, wiki ambayo watu wote wako nyumbani. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani.

Nilishuka nikiwa nimejaa vumbi na furaha, nikamkuta Prosper anashuka kwenye gari. Amevaa miwani ya jua na sura ya huzuni, na futi ya chuma imening'inia mfukoni.

"Fundi, pole na kazi," akasema. "Shangazi ametutoka."

"Pole sana, kaka. Lini?"

"Sasa hivi. Hukusikia kengele?"

"Nimeisikia. Tunaigonga sisi."

"Najua, na familia inawashukuru. Nani aliwaletea habari?"

"Habari gani?"

"Za shangazi."

"Wewe."

Tukatazamana. Mama Felista aliiachia kamba taratibu, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala, akaketi kwenye ngazi ya mlango na kujifunika uso kwa kanga. Kupitia mlango wazi tukaona njia ya kwenda kwa Bibi. Ilikuwa imejaa. Wanawake walibeba mikungu ya ndizi na sufuria, wanaume majembe na sepetu, na viti vya plastiki vilikuwa vinapita juu ya toroli. Kwetu viti hufika msibani kabla ya machozi. Kufa kufaana, na watu wa pale wanafaana kwa kasi ya kutisha.

Tulikimbia sote watatu. Bibi Anastazia alikuwa amekaa mlangoni pa jiko anapukuchua maharage. Waombolezaji waliingia uani wakiongozwa na mama mmoja wa kwaya, na huyo alimwona Bibi wakati ameshavuta pumzi ya ile sauti ya juu kabisa. Hakuweza kuirudisha. Ikabidi aimalize. Kisha mbwa tu ndiye aliyeendelea.

"Nani amekufa?" Bibi akauliza.

Waombolezaji wakageukiana.

"Nauliza nani amekufa, nivae tuondoke."

Katekista, mtu mwembamba mwenye heshima nyingi, alisogea mbele. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Bado tunafuatilia, Bibi."

Huko nyuma ya nyumba wanaume hawakujua lolote. Walikuwa wamepitia chini, migombani, na kwa kuwa kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, walianza kazi moja kwa moja ili kuwahi jua. Walikuwa wamefika magotini Bibi alipotokea na fimbo yake. Wawili wakaangusha majembe. Mmoja alikimbia hadi barabarani, na hadi leo anasema alikwenda kuita wenzake.

"Hapo hapana," Bibi akawaambia. "Mnakata mizizi ya mgomba wangu wa mchare."

"Samahani, Bibi," akasema aliyebaki karibu. Akahama hatua chache, akaegemea jembe. "Hapa je?"

"Hapo maji yanapita wakati wa masika. Mnataka nilale kwenye maji? Njooni huku."

Akawaonyesha mahali pazuri, penye kivuli, wakapaweka alama kwa vigingi na kumshukuru. Baba Paroko alifika na mafuta matakatifu wakati Bibi anawafundisha kurudishia udongo wa shimo la kwanza. Alisimama kidogo, akairudisha chupa mfukoni, akatafuta kiti.

Mimi na Mama Felista tulijieleza. Tulijieleza vibaya, tukikatizana, lakini watu walielewa, na ikaja aibu kubwa, na baada ya aibu likaja swali la ndizi. Zilikuwa nyingi, na hakuna aliyethubutu kubeba chakula cha msiba akirudishe nyumbani kwake. Bibi ndiye aliyekata shauri.

"Ndizi hizi mmeniletea mimi?"

"Ndiyo, Bibi," wakasema.

"Basi pikeni. Na ratiba yenu iendelee. Misiba ya hapa nimehudhuria yote, nikawasifu wote, hata wale ambao ilibidi nitafute sana cha kusifu. Leo nataka kusikia wa kwangu."

Akaletewa kiti mbele, mahali ambapo huwekwa jeneza. Katekista akatoa wasifu kwenye koti. Aliuandaa tangu kile kikohozi cha kwanza cha Bibi, na kila mwaka alikuwa akiongeza kidogo. Akasafisha koo.

"Marehemu Bibi Anastazia alizaliwa..."

"Ondoa marehemu."

"Bibi Anastazia alizaliwa katika familia ya kimaskini..."

"Tulikuwa na ng'ombe."

"Alizaliwa katika familia yenye ng'ombe. Baba yake alikuwa mtu mashuhuri, ndiye aliyetoa kiwanja cha kanisa." Hapo akasoma habari za baba kwa muda mrefu, na Bibi akatazama pembeni. "Bibi mwenyewe alikuwa mpole, asiye na maneno mengi..."

Uani watu walianza kukohoa kwa zamu.

"Hapo umetia chumvi," Bibi akasema, "lakini iache."

Likafuata neno la shukrani kutoka kwa familia. Prosper alisimama, akavua miwani, akashukuru waliofika kutoka mbali, kisha akakwama, maana neno lenyewe lilikuwa limeandaliwa kwa mazingira mengine. Bibi alikuwa anamtazama mfukoni.

"Prosper, baba. Hiyo futi ni ya kupimia jeneza?"

"Hapana, shangazi."

"Ni ya nini?"

Kila kijiko kilisimama. "Ya kanisa," akasema kwa sauti ndogo.

"Kumbe. Na nilikuwa hata sijapoa."

Walicheka hadi viti vikavunjika, viwili, nilivishuhudia. Mimi nilimwonea huruma. Mtu mzima, mwenye duka na gari, amesimama katikati ya kijiji chake hajui mikono aiweke wapi. Naye Bibi hakuwa mkatili. Alimwita akae karibu yake, akamwekea sahani mapajani. "Kula," akamwambia. "Mtu mwenye njaa hapimi vizuri."

Mama Felista ndiye aliyekuwa bado analia. Kwake halikuwa jambo la kucheka: masika yalikuwa yanakaribia, na sasa yule aliyehitaji ridhaa yake ndiye aliyemtangazia kifo. Akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akaja akapiga magoti na kulishika mbele ya Bibi kwa mikono miwili. Jani hilo, kwetu, ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukufukuza kabla ya kukusikiliza.

Bibi akalipokea. "Unaniomba msamaha wa kuniua au wa kunifufua?"

"Vyote, Bibi."

"Na chumba mnakitakia nini hasa?"

"Maziwa, Bibi. Yanaharibika juani. Tukikosa mahali, mnunuzi anaondoka, na wengi wetu ndiyo tunayosomeshea watoto."

"Mbona hukuja kuniambia hivyo?"

"Tulituma wazee, Bibi. Mara nyingi."

"Ulituma wazee, nikawajibu wazee. Wewe mwenyewe unapita hapa kila asubuhi na ndoo kichwani. Unasema shikamoo, unapita. Moshi wa jiko langu unakuingia machoni, na bado unapita."

Mzee mmoja alianza kusema kitu kuhusu baba yake Bibi akakanyagwa mguu na mwenzake.

"Lichukueni," Bibi akasema. "Lakini mimi pia nina ng'ombe. Akizaa nitakuja, na mtu asiniruke kwenye foleni akisema nilishakufa."

Kanisa likapona hivyo, vijana, wala si kwa ripoti yangu. Ripoti niliiandika usiku ule ule, ukurasa mzima juu ya uimara wa mnara, na sidhani kama kuna aliyeisoma.

Kazi yenyewe tuliifanya vizuri. Tulipaka chokaa, tukaweka nyavu madirishani, tukaweka tangi pale palipokuwa na altare, na sakristia, chumba alichovalia padri, ikawa chumba cha kuoshea vyombo. Ukutani upande wa kushoto kulikuwa na malaika aliyechorwa zamani, mwenye macho makali, ameshika mizani. Baba Paroko alisema huyo abaki, yeye ni ukuta. Nami, bila kufikiria sana, niliweka meza ya kupimia maziwa chini yake, kwa sababu hapo ndipo pimamaji ilipoonyesha sakafu iko sawa. Siku za mwanzo wanawake walifika mezani, wakainua macho, na wengine wakakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu nyumbani, wakarudi na ndoo zao zikiwa bado zimefunikwa. Haikupita muda maziwa ya Kigango cha Juu yakawa mazito hata mnunuzi akauliza ng'ombe wanalishwa nini.

Ng'ombe wa Bibi alichelewa kuzaa. Nilikuwa nimerudi kukagua kama kuta zimekauka, masika yameshaanza, Bibi alipotokea mlangoni asubuhi na ndoo yake ndogo yenye mfuniko. Foleni nzima ilimpisha. Akakataa, akangoja zamu yake. Ilipofika, Mama Felista alichota maziwa kidogo, akatumbukiza kipima maziwa, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Hakikuelea. Kilizama kama kilichochoka. Akakitoa, akakifuta, akapima tena. Akanitazama mimi. Mimi nikaangalia plasta.

"Bibi," akasema kwa upole, "naona haya maziwa yana maji kidogo."

"Kidogo?"

"Zaidi ya kidogo, Bibi."

Bibi Anastazia hakushtuka. Alimtazama malaika kama mtu anayemtazama jirani, kisha akainua uso kwenye mnara.

"Mnara huu ulijengwa nikiwa msichana," akasema. "Baba alitoa kiwanja, na kila mwaka mnamtaja. Maji ya kuchanganyia chokaa tuliyaleta sisi, wasichana, kichwani, toka mfongoni, ule mfereji wa kule juu, kiangazi kizima. Shingo yangu haijanyooka tangu hapo. Nilileta maji hapa na hakuna aliyeyapima. Leo nimeleta maziwa, mnapima."

Mimi maisha yangu yote nimesifu chokaa ya kuta za namna ile, nikawafundisha na nyinyi kuisifu, na sikuwahi hata siku moja kuuliza maji yake yalitoka wapi wala nani aliyatwika. Niliona aibu, na ninaiona tena ninapoandika.

Mama Felista hakuyamimina kwenye tangi, kwa sababu kazi ni kazi. Aliyamimina kwenye sufuria, akawasha jiko sakristia, akapika chai. Akammiminia kwanza Bibi, kisha wanawake wote wa foleni, kisha mimi. Ilikuwa chai nyepesi kuliko zote nilizowahi kunywa, na tuliimaliza yote.